Anatajwa, hahojiwi: muuguzi katika habari za Ebola ya Dallas, 2014

Jumapili ya tarehe 12 Oktoba 2014, Thomas Frieden, mkurugenzi wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), alizungumza na waandishi wa habari akiwa na jambo moja tu la uhakika. Muuguzi wa hospitali ya Texas Health Presbyterian mjini Dallas alikuwa ameambukizwa Ebola. Ameambukizwa vipi, hapakuwa na aliyejua. Hata hivyo Frieden alisema kwamba mahali fulani utaratibu wa kujikinga ulikiukwa, na ukiukaji huo ndio ulioleta maambukizi. Hakusema nani aliukiuka, wala hakuhitaji kusema. Aliyelala na homa alikuwa muuguzi, na aliyevaa glavu alikuwa muuguzi huyohuyo, basi kila msikilizaji alijaza jina mwenyewe. Kabla siku haijaisha, muuguzi alikuwa ameshaangushiwa jumba bovu.

Kisa cha Dallas hufundishwa zaidi katika madarasa ya udhibiti wa maambukizi. Nadhani kingefaa kufundishwa vilevile kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, kwa sababu ndani ya wiki 3 wauguzi walipitishwa katika kila sura ambayo vyombo vya habari huwa navyo kwa ajili yao: mzembe, mkaidi, malaika, shujaa. Sura moja ndiyo iliyochelewa sana, nayo ni ya mtu anayejua jambo ambalo mwandishi halijui. Malalamiko ya kawaida ni kwamba wauguzi hawaheshimiwi kwenye habari. Kwangu tatizo kubwa zaidi ni kwamba habari zenyewe zilitoka na makosa, na wa kuyasahihisha walikuwa palepale hospitalini.

Tuanze na mgonjwa. Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia, aliwasili Dallas tarehe 20 Septemba. Usiku wa tarehe 25 alifika katika idara ya dharura akiwa anaumwa, akapewa antibiotiki na kurudishwa nyumbani. Tarehe 28 alirudishwa kwa gari la wagonjwa, na tarehe 30 vipimo vikathibitisha kuwa ana Ebola, mtu wa kwanza kugundulika na ugonjwa huo ndani ya Marekani. Alifariki tarehe 8 Oktoba.

Swali la kwanza la waandishi lilikuwa la haki kabisa: aliachiwaje mara ya kwanza? Hospitali ililijibu mara tatu kwa siku tatu. Tarehe 1 Oktoba ilieleza kuwa muuguzi alimuuliza Duncan kuhusu safari zake, naye akasema ametoka Afrika, ila taarifa hiyo haikufikishwa kikamilifu kwa timu nzima. Tarehe 2 lawama ikahamia kwenye kompyuta: ukurasa wa muuguzi na ukurasa wa daktari katika kumbukumbu za kielektroniki vilitenganishwa, kwa hiyo alichoandika muuguzi hakikumtokea daktari. Tarehe 3, Ijumaa usiku, saa ambayo kila afisa uhusiano anaijua vizuri, ukaja ufafanuzi kwamba mfumo haukuwa na kasoro hiyo, na kwamba habari za safari zilikuwa zinaonekana kwa wote wanaomhudumia mgonjwa, madaktari wakiwemo.

Ukizipanga kauli hizo tatu, muuguzi wa zamu ile alifanya kile hasa alichopaswa kufanya kwenye karatasi: aliuliza, akaandika. Lakini msomaji wa Jumatano hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kuna habari iliyokwama njiani, na mtu wa mwisho aliyeonekana nayo ni muuguzi. Wangapi waliosoma maelezo ya Jumatano walikutana na masahihisho ya Ijumaa? Hakuna chombo kinachotangaza masahihisho kwa sauti ileile iliyotangaza kosa, na hiyo si tabia ya Marekani peke yake.

Hapo ndipo muuguzi wa pili anapoingia, yule wa tangazo la Frieden. Nina Pham, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akifanya kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi alikolazwa Duncan. Ijumaa tarehe 10 Oktoba alijipima joto, akaona limepanda, akatoa taarifa mwenyewe. Kuna jambo hapa lililopitwa haraka sana na waandishi. Wakati huo watu 48 waliokutana na Duncan kabla hajalazwa walikuwa wakifuatiliwa na maafisa wa afya. Pham hakuwa miongoni mwao. Wahudumu wa hospitali waliachwa wajifuatilie wenyewe, kwa imani kuwa mavazi ya kinga yamewakinga. Mwishowe hakuna hata mmoja kati ya wale 48 aliyeugua. Walioambukizwa walikuwa wauguzi 2, kwa maana Ebola huambukiza zaidi kadiri mgonjwa anavyozidiwa, na wanaosafisha matapishi na kuharisha kwa mgonjwa aliyezidiwa wanajulikana ni akina nani. Kwa maneno mengine, mfumo wa ufuatiliaji ulikuwa na upofu uleule wa vyombo vya habari.

Turudi kwenye kauli ya Jumapili. Ushahidi wa Frieden kwamba utaratibu ulikiukwa ulikuwa nini? Ulikuwa maambukizi yenyewe. Hoja yake ilizunguka hivi: utaratibu unakinga, muuguzi ameambukizwa, basi utaratibu haukufuatwa. Hoja hiyo inasimama tu kama sentensi ya kwanza ni kweli, na sentensi ya kwanza ndiyo iliyohitaji kuulizwa. Utaratibu upi? Ulioandikwa na nani? Ulifika mikononi mwa wauguzi wa Dallas lini, na nani aliwafundisha kuvaa na kuvua? Kuvua ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kuvaa, na muuguzi yeyote angemwambia mwandishi hivyo kabla hata ya kuulizwa.

Jumatatu Frieden aliomba radhi ikiwa kauli yake ilichukuliwa kama lawama kwa mhudumu au kwa hospitali. Jumanne alienda mbali zaidi na kukiri kuwa anatamani CDC ingepeleka timu kubwa hospitalini siku ileile Duncan alipothibitishwa. Kwa afisa wa ngazi yake, kukiri hivyo ndani ya saa 48 si jambo dogo, na inafaa asifiwe kwa hilo. Lakini simulizi ilikuwa imeshatoka.

Jumanne hiyohiyo jioni, tarehe 14 Oktoba, wauguzi walisikika kwa mara ya kwanza, tena kwa mlango wa nyuma. Chama cha National Nurses United kiliitisha mkutano wa simu na waandishi na kusoma maelezo ya wauguzi wa hospitali ile bila kuwataja majina. Yaliyosomwa yalikuwa mazito: kwamba Duncan aliachwa kwa saa kadhaa katika eneo lenye wagonjwa wengine, kwamba hapakuwa na utaratibu unaoeleweka wa kumhudumia, kwamba mavazi waliyopewa yaliacha shingo wazi, na walipouliza wakaambiwa wajizungushie plasta, kwamba sampuli zake zilipitishwa kwenye mabomba ya hewa yanayosafirisha vipimo vya hospitali nzima.

Hapa mchambuzi lazima awe mwangalifu. RoseAnn DeMoro, mkurugenzi mtendaji wa chama, hakukubali kusema maelezo yale yametoka kwa wauguzi wangapi. Chama hakikuwa kikiwawakilisha wauguzi wa hospitali hiyo, na kilikuwa na kampeni yake ya kitaifa kuhusu maandalizi ya Ebola. Hospitali iliyapinga maelezo hayo, na siku chache baadaye wauguzi wengine walijitokeza mbele ya kamera nje ya jengo kuitetea. Mwandishi mzuri angeyaweka yote hayo kwenye habari yake. Ila hali hiyo ya kutegemea chama ilizaliwa na nini? Muuguzi akishafungiwa mlango wa mbele, sauti yake itapita kwa yeyote mwenye simu, na yeyote huyo atakuja na ajenda yake. Kisha haohao waliofunga mlango watasema chanzo hakiaminiki.

Alhamisi tarehe 16, muuguzi mmoja wa hospitali alijitokeza kwenye televisheni ya NBC kwa jina lake na uso wake. Hakumhudumia Duncan, alimhudumia Pham. Alieleza alivyovaa glavu jozi tatu na suti ya plastiki mwili mzima huku shingo yake ikiwa wazi, karibu kabisa na mdomo na pua. Maelezo yake yalikuwa ya kiufundi, yanayopimika, ya aina ambayo mwandishi wa afya huyatafuta usiku na mchana. Tarehe 20 Oktoba CDC ilitoa mwongozo mpya wa mavazi ya kinga: hakuna ngozi ya kubaki wazi, mafunzo ya kurudiarudia, na msimamizi aliyefundishwa wa kumwangalia mhudumu anapovaa na anapovua. Kama utaratibu wa zamani ulitosha na tatizo lilikuwa mkono wa muuguzi mmoja, mwongozo huo usingehitajika.

Kati ya Jumapili ile na mwongozo huo kulikuwa na siku 8. Katika siku hizo, muuguzi mwingine wa hospitali hiyo, Amber Vinson, alipata sura ya pili, ya mkaidi. Vinson, mwenye umri wa miaka 29, alikuwa pia amemhudumia Duncan. Alisafiri kwa ndege kwenda Ohio tarehe 10 Oktoba kushughulikia maandalizi ya harusi yake, akarudi Dallas tarehe 13, na tarehe 15 ikatangazwa kuwa ana Ebola. Frieden alisema hakupaswa kupanda ndege ya abiria. Ilipokuja kujulikana kwamba Vinson aliipigia simu CDC kabla ya kupanda ndege, akataja joto lake, nyuzi 37.5 za Selsiasi, na hakuzuiwa kwa kuwa kiwango cha homa kilichowekwa kilikuwa 38, umma ulikuwa umeshampa jina, na duka la magauni ya harusi alilotembelea lilifungwa kwa hofu. Baadaye alilazimika kwenda kwenye televisheni kueleza kuwa yeye si mzembe.

Angalia tofauti ndogo. Aliyeuliza ruhusa ni muuguzi. Aliyetoa jibu ni mtu wa ofisini ambaye hakujulikana kwa jina wala picha. Picha iliyozunguka dunia ni ya muuguzi. Vyombo vya habari havikubuni uongo wowote hapo. Vilichapisha kilichokuwepo, na kilichokuwepo siku zote ni jina la aliye chini na kauli ya aliye juu.

Na hili halikuanza Dallas. Wiki moja kabla, mjini Madrid, msaidizi wa uuguzi Teresa Romero alithibitishwa kuambukizwa Ebola baada ya kuwahudumia wamisionari waliorudishwa kutoka Afrika Magharibi. Javier Rodríguez, aliyekuwa msimamizi wa afya katika serikali ya jimbo, alidokeza hadharani kuwa huenda Romero alidanganya kuhusu homa yake, na akaongeza kejeli kwamba mtu hahitaji shahada ya uzamili ili avae suti ya kinga. Romero alikuwa kitandani, hawezi kujibu. Rodríguez aliondolewa kwenye nafasi yake mwezi Desemba. Mhariri wa Dallas aliyekuwa akisoma habari za Madrid alikuwa na onyo la siku kadhaa.

Sura ya malaika ilikuja kupitia mbwa. Pham alikuwa na mbwa aitwaye Bentley, na kwa kuwa mbwa wa Romero alikuwa ameuawa na mamlaka za Hispania, meya wa Dallas Mike Rawlings aliahidi kuwa Bentley atalindwa. Akawekwa karantini kwenye kambi ya zamani ya jeshi, akipigwa picha na kutolewa taarifa. Sina ubaya na mbwa. Lakini kwa siku kadhaa umma ulijua zaidi hali ya Bentley kuliko ulivyojua wauguzi wa chumba kile walipewa mafunzo ya muda gani.

Kisha ikaja video. Tarehe 16 Oktoba, siku ambayo Pham alihamishiwa kituo cha taasisi ya taifa ya afya kule Maryland, hospitali ilisambaza video fupi iliyopigwa ndani ya chumba chake na daktari aliyevaa mavazi ya kinga. Pham anaonekana kitandani, anafuta machozi, anawaambia wenzake anawapenda. Ilirushwa kila mahali. Siku hiyohiyo, Daniel Varga, mganga mkuu wa kampuni inayomiliki hospitali, aliliambia Bunge kwa njia ya video kuwa walifanya makosa katika kumhudumia Duncan hapo mwanzo. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja unaona mgawanyo wa kazi: daktari mkuu anaeleza, muuguzi analia. Mwezi Machi 2015 Pham aliishtaki kampuni hiyo, akidai pamoja na mambo mengine kuwa hakupewa mafunzo wala vifaa vya kutosha na kwamba video ile ilitumika kusafisha jina la hospitali bila idhini yake. Kampuni ilikana. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwezi Oktoba 2016, masharti yake hayakutangazwa, na hivyo umma haukupata kusikia pande zote mbili zikihojiwa mahakamani.

Tarehe 24 Oktoba Pham aliruhusiwa akiwa amepona, akaenda Ikulu, Rais Obama akamkumbatia mbele ya wapiga picha. Vinson alitoka hospitali ya Emory kule Atlanta tarehe 28. Mwisho wa mwaka jarida la Time liliwatangaza wapambanaji wa Ebola kuwa mtu wa mwaka. Ushujaa ulikuwa wa kweli, hilo halina ubishi. Tatizo la sura ya shujaa ni kwamba shujaa haulizwi kitu. Anashukuriwa. Ukimsifu mtu kwa kujitoa mhanga, unakuwa umelikwepa swali la kwa nini alilazimika kujitoa mhanga wakati plasta ya shingoni ingeweza kuwa kofia kamili ya suti. Wahenga wangesema ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa bahati kisa hiki kina kipimo cha kulinganishia. Siku hiyohiyo ya kukumbatiana Ikulu, muuguzi Kaci Hickox alitua uwanja wa ndege wa Newark akitokea Sierra Leone, alikofanya kazi na Madaktari Wasio na Mipaka. Alizuiwa, akawekwa kwenye hema ndani ya eneo la hospitali kwa amri iliyotangazwa na gavana wa New Jersey, Chris Christie. Kesho yake gazeti la Dallas Morning News lilichapisha makala aliyoiandika yeye mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na jambo ambalo lingemponyoka msemaji yeyote: kipimajoto cha paji la uso kilisoma nyuzi 38.3 wakati uso wake umepamba moto kwa hasira na uchovu, ilhali cha mdomoni kilisoma 37. Kipimo cha damu hakikuonyesha virusi. Tarehe 27 aliruhusiwa kwenda nyumbani Maine, na tarehe 31 jaji wa huko alikataa ombi la serikali ya jimbo la kumfungia karantini kali.

Kwa nini Hickox alisikika mapema kuliko wenzake wa Dallas? Hakuwa mgonjwa, alikuwa na simu, alipata mawakili, na mwajiri wake hakuwa hospitali iliyokuwa ikitafuta wa kulaumiwa. Aliwahi pia kufanya kazi ya upelelezi wa magonjwa CDC, kwa hiyo alizungumza lugha ya takwimu ambayo wahariri huipa uzito. Muuguzi wa zamu Dallas hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Texas ni jimbo ambalo mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, na sheria ya faragha ya mgonjwa ya mwaka 1996 hutumiwa na hospitali kama kufuli la mdomo hata pale swali linapohusu mavazi na mafunzo, mambo ambayo hayana siri ya mgonjwa ndani yake. Tena hata Hickox hakuponyoka kabisa: siku alipotoka kuendesha baiskeli na mpenzi wake, kamera zilimfuata, na kwa watu wengi baiskeli ile ilifuta kipimajoto chote.

Nje ya Dallas, hali ya kawaida ya siku zisizo na Ebola ndiyo inayoeleza zaidi. Utafiti uliopewa jina la mwandishi wa habari Nancy Woodhull, wa mwaka 1997, ulikuta wauguzi wametumika kama vyanzo katika takribani asilimia 4 ya habari za afya kwenye magazeti ya Marekani. Uliporudiwa baada ya miaka 20 chini ya uongozi wa Diana Mason wa Chuo Kikuu cha George Washington, ikawa asilimia 2. Waandishi waliohojiwa walikuwa wakweli: hawajui vizuri muuguzi anafanya nini zaidi ya kutekeleza maagizo ya daktari, maafisa uhusiano wa hospitali huwaletea madaktari, na wakimnukuu muuguzi huenda mhariri akataka sababu. Kwa hiyo Jumapili ile ya Oktoba, chumba cha habari cha kawaida hakikuwa na namba ya simu ya muuguzi hata mmoja. Katika saa ya dharura mwandishi humpigia anayemjua.

Watetezi wa vyombo vya habari husema, na wana hoja, kwamba mkurugenzi wa CDC akisema jambo, ni habari, na huwezi kukaa nayo mpaka umpate muuguzi aliye tayari kusema. Ni kweli. Nisingependa mhariri azuie kauli ya Frieden hata kwa saa moja. Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyowezekana siku hiyohiyo bila kumtafuta mtu wa ndani ya hospitali. La kwanza ni kumpigia muuguzi yeyote wa udhibiti wa maambukizi katika hospitali nyingine, au mmoja wa waliorudi kutoka vituo vya Ebola vya Liberia, na kumsomea mwongozo wa CDC uliokuwa mtandaoni siku hiyo, ukurasa kwa ukurasa. Angeiona shingo. La pili ni kuongeza sentensi moja katika aya ya pili ya habari: kwamba CDC haijasema ni utaratibu gani uliokiukwa, wala haijaonyesha kuwa ulikiukwa.